Kuku Mzee Asiyetaga Bado Ana Kazi

Mwenye kuku watano au kumi uani hufikia siku ya kujiuliza: huyu aliyeacha kutaga nimchinje, nimuuze, au nimwache aendelee kula bure? Jibu langu huanzia kwenye aina ya kuku. Wale wekundu wa mayai, wa kisasa, ambao mmoja huweza kukaribia mayai 300 kwa mwaka, wamechaguliwa kizazi hadi kizazi ili wasiatamie. Wakichoka wamechoka, na kuendelea kuwalisha ni huruma tu. Huruma si dhambi, ila mwenye kuku aiweke kwenye hesabu kwa jina lake. Wa kienyeji ni habari nyingine. Koo wa miaka minne au mitano, hata akitaga mayai ya kuhesabika, bado anajua kulalia, kuangua na kulea. Kwa mfugaji asiye na mashine ya kutotolesha, huyo ndiye mashine.

Kabla ya kumhukumu, mshike. Pima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya ncha za mifupa miwili ya nyonga, chini ya mkia. Anayetaga huingia vidole viwili au vitatu, na tupu yake huwa pana, yenye unyevu. Aliyeacha huingia kidole kimoja kwa shida, na tupu imekauka na kusinyaa. Tazama pia upanga kichwani: wa anayetaga ni mwekundu na umejaa. Kisha angalia manyoya. Kila mwaka hivi kuku hunyonyoka na kuota mapya, na katika wiki hizo chache, au miezi, husitisha kutaga. Nimeona makoo wazuri wakichinjwa katika kipindi hicho kwa kudhaniwa wagonjwa. Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo anayenyonyoka anahitaji dagaa, mashudu au mchwa kuliko pumba tupu.

Mayai hupungua mwaka hadi mwaka baada ya mwaka wa kwanza wa kutaga, lakini kila yai huwa kubwa zaidi. Hapo ndipo ganda linapoanza kuvunjika. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kuku mzee haongezi kiasi hicho. Hulitandaza lilelile juu ya yai kubwa zaidi, likawa jembamba. Wengi hukimbilia kuwapa kundi zima chakula cha mayai. Chakula hicho kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kiwango kinachomfaa anayetaga lakini kinachoumiza figo za kifaranga, na hakimfai jogoo wala koo aliyestaafu. Katika banda lenye rika mchanganyiko, wape wote chakula cha kukuzia, halafu weka chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyopondwa kwenye chombo cha peke yake. Anayetaga atajihudumia.

Sasa kazi yenyewe. Koo wa kienyeji wa kawaida hufunika vizuri mayai 10 hadi 13, si zaidi. Yale ya pembeni hupoa na kuharibika. Chagua mayai yasiyozidi siku 7 hadi 10, yaliyokaa mahali pa baridi, na uyaandike tarehe kwa penseli. Yanaangua siku ya 21. Siku ya saba usiku, yamulike kwa tochi: yenye uhai yana mishipa kama mizizi, matupu yanapitisha mwanga, uyaondoe. Ukiwa na makoo wawili au watatu, subiri mpaka wote waanze kuatamia ndipo uwawekee mayai siku moja. Anayetangulia mwachie yai moja au mawili ya kumshikilia. Wakiangua pamoja, vifaranga wote mkabidhi mkubwa wao, yule asiyetishwa na mwewe wala paka wa jirani, na hao wadogo warudi kutaga mapema. Mpangilio huu ndio unaolipa ugali wa koo mzee mwaka mzima.

Vifaranga wakishakua, usiwatupe ghafla katikati ya wazee. Kuku wana ngazi ya ukubwa, na mgeni hudonolewa mpaka ajue nafasi yake. Watenganishe kwa wavu wiki moja, waonane bila kugusana.

Kuna jambo moja silijadili na mfugaji: mdondo, au kideri kwa wengine. Chanjo ya I-2 hudondoshewa tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa mzee kipimo kilekile, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Haitibu aliyekwisha kuugua, kwa hiyo wachanje wakiwa wazima. Umri hauwakingi.

Mzee ana matatizo yake mengine. Magamba ya miguu yakiinuka na kuwa kama ukoko, hao ni utitiri wanaochimba ngozi: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, paka mafuta mazito, rudia kila baada ya siku chache. Shusha fito za kulalia, maana kuruka kutoka juu hujeruhi nyayo, na jeraha dogo hugeuka jipu gumu. Tumbo likivimba na koo akaanza kutembea wima, huenda mayai yanaangukia ndani badala ya kutoka. Wengi wa namna hiyo hawaponi. Kumchinja mapema ni kumwondolea mateso, lakini nyama yake usiile.

Koo mzee mzima ukiamua kumchinja, na alikuwa ametibiwa kwa antibiotiki, hesabu kwanza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Kisha mchemshe kwa moto mdogo saa mbili au tatu, ndipo uweke nazi.