Nyuzi Nane za Ayub Ogada na Ligombo la Wahehe

Pale Ilula, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro, spika za vibandani hushindana na honi za malori yanayopakia nyanya. Singeli, bongo fleva na nyimbo za injili hupigwa kwa pamoja, na anayesikika ni mwenye spika kubwa. Kijana anayekulia hapo ana haki ya kuamini kwamba muziki usio na kishindo haumfikishi mtu popote. Maisha ya Ayub Ogada wa Kenya yanampa jibu jingine.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda. Wazazi wake, Wajaluo, walikuwa wanamuziki, na sehemu ya utoto wake aliishi nao Chicago, Marekani. Miaka ya 1970, vijana wa Nairobi walipopenda roki, alipiga na Black Savage, bendi iliyounganisha gitaa la umeme na nyimbo za nyumbani. Mwaka 1976 bendi hiyo ilirekodi Kothbiro, wimbo wa Kijaluo unaotangaza kwamba mvua inakuja. Mwaka 1979 akashiriki kuanzisha African Heritage Band.

Bendi zetu nyingi hukua kwa kuongeza: wapiga tarumbeta, waitikiaji, wanenguaji. Ogada alikua kwa kupunguza. Mwaka 1986 alihamia Uingereza akiwa na nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji huipiga akiwa ameketi chini, huku pete ya kidole cha mguu ikigonga fremu na kushika mapigo. Aliipiga kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi jijini London kwa sarafu za wapita njia. Huko ndiko alikosikika, na mwaka 1988 akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD.

Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993 chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Humo Kothbiro inarudi ikiwa imevuliwa karibu kila kitu. Nyatiti inarudia mafungu machache ya noti, sauti inaingia bila haraka, na kimya kinaachiwa nafasi yake. Mkulima wa Ilula anayetazama mawingu ya Novemba ataielewa hali hiyo hata kama hajui neno moja la Kijaluo.

Wimbo huo ulitumika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ile ya Black Savage kwa wimbo wake Yikes, miaka 42 baada ya kurekodiwa Nairobi. Ogada alifariki dunia tarehe 1 Februari 2019, akiwa amerejea Kenya.

Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa, nao una ala yake ya utulivu. Ligombo ni ubao uliochongwa ukaachwa na uwazi, uzi ukapitishwa juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu kikakuza sauti. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wapigaji wake Iringa mwaka 1950, na mkusanyiko wake umehifadhiwa Afrika Kusini. Inauma kwamba mjukuu wa mpigaji wa ligombo ana nafasi kubwa zaidi ya kumsikia babu yake kupitia maktaba ya ugenini kuliko kupitia redio ya mkoani kwake.

Kothbiro ilivuka bahari kwa sababu ilirekodiwa, ikaandikwa majina ya wenyewe, ikatunzwa. Ligombo linahitaji hayo hayo. Redio za Iringa zitenge hata nusu saa kwa wiki, maofisa utamaduni wa Wilaya ya Kilolo wawatafute wapigaji waliobaki, na shule ziwaalike wafundishe. Nawe msomaji mwenye simu mfukoni, ukiwa na mzee anayeijua ala hiyo, mwombe ruhusa, mrekodi, na uandike jina lake.