Ndani ya Sayari: Mvutano, Kanieneo na Joto

Katika somo la fizikia liko swali moja ambalo aghalabu huwatatiza wanafunzi: mtu akiweza kushuka mpaka kwenye kitovu cha dunia, atakuwa na uzito gani? Wako wanaojibu kwamba atakuwa mzito kupita kiasi, kwa kuwa kitovu ndicho kinachovuta. Wengine huchukua kanuni ya Newton, wakaweka sifuri mahali pa umbali, wakapata jibu lisilo na kikomo. Majibu yote mawili si sahihi. Uzito wake utakuwa sifuri. Hata hivyo, hapo hapo asipokuwa na uzito ndipo penye kanieneo kubwa kuliko mahali pengine popote katika dunia. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mambo haya mawili yanavyopatana, na jinsi joto linavyohusika nayo.

Mvutano

Kila kipande cha maada huvuta kila kipande kingine. Basi dunia haivuti kwa kitovu chake, bali kwa maada yake yote. Tukiwa juu ya uso wake, maada hiyo yote iko chini ya miguu yetu, na matokeo yake ni kama kwamba imekusanywa kitovuni. Kanuni tunayoitumia darasani inafaa kwa hali hiyo tu. Mtu akishuka, sehemu ya maada hubaki juu yake.

Tuifikirie dunia kuwa ni kitunguu chenye maganda mengi. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alithibitisha kwamba ganda la mviringo lililo sawa pande zote halimvuti hata kidogo mtu aliye ndani yake, kwani mivuto ya pande zote hufutana. Kwa hiyo anayeshuka huvutwa na kile kitunguu kidogo tu kilichosalia chini yake. Akifika kitovuni, hakuna kilichosalia.

Lakini mvutano haupungui kwa hatua zilizo sawa. Mwaka 1798 Mwingereza Henry Cavendish alipima mvutano baina ya matufe ya madini ya risasi, na kutokana na kipimo hicho ilijulikana kuwa dunia, kwa wastani, ina uzito wa mara 5.5 hivi ya maji ya ujazo ule ule. Miamba ya juu haifiki hata mara 3. Ni wazi basi kuwa ndani kabisa mna kitu kizito zaidi, nacho ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Anayeshuka huiacha miamba myepesi nyuma yake na kukikaribia chuma hicho. Ndiyo sababu mvutano, ambao usoni ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, hubaki karibu na 10 katika sehemu kubwa ya safari, na hufikia 10.7 hivi kwenye ukingo wa kiini, kilomita 2,890 chini. Kutoka hapo hupungua mpaka sifuri.

Kanieneo

Kanieneo ni kani inayokandamiza kila kipimo kimoja cha eneo. Tutazame magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani. Gunia la chini kabisa halikandamizwi na uzito wake lenyewe, bali na uzito wa magunia yote yaliyo juu yake. Hata kama gunia hilo lingekuwa tupu, lingebanwa vile vile. Ndivyo ilivyo kitovuni. Mahali hapo hapana uzito, lakini kuna kilomita 6,371 za miamba na chuma juu yake, na kila tabaka lina uzito wake. Kila tabaka huongeza kanieneo. Hakuna hata moja linaloipunguza.

Mwanafunzi anaweza kukadiria kiasi chake. Tuchukulie kwamba dunia ina densiti moja, kilogramu 5,500 kwa mita ya ujazo. Katika dunia ya namna hiyo mvutano hupungua sawasawa kutoka 9.8 hadi sifuri, hivyo wastani wake ni 4.9. Tuzidishe densiti kwa wastani huo, kisha kwa nusu kipenyo cha mita 6,371,000. Tutapata kanieneo ya mara milioni 1.7 hivi ya ile ya hewa tunayoivuta. Kiasi kinachokubaliwa na wataalamu ni mara milioni 3.6 hivi. Tofauti hiyo inatokana na ule ukweli tuliokwisha kuutaja: maada nzito imejikusanya ndani, na mvutano hauanzi kupungua mapema.

Joto

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya dunia kuna joto kwa sababu ya kanieneo. Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Pampu ya baiskeli hupata joto wakati gurudumu linapojazwa, kwa sababu hewa inashindiliwa. Lakini gurudumu hilo likiachwa mpaka asubuhi huwa limepoa, ingawa kanieneo yake ingalipo. Kitendo cha kushindilia ndicho kinachotoa joto. Kanieneo iliyotulia haitoi chochote.

Joto la dunia lina asili mbili kubwa. Ya kwanza ni joto lililobaki tangu dunia ilipoumbika, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita, vipande vya maada vilipogongana na chuma kizito kikazama kitovuni. Ya pili ni mnunurisho wa urani, thori na potasi zilizomo katika miamba.

Karibu na uso, halijoto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi kila kilomita. Katika shimo la Kola, lililochimbwa huko Urusi hadi mita 12,262, halijoto ya chini ilifikia nyuzi 180. Kama ongezeko hilo lingeendelea vivyo hivyo, kitovuni tungepata nyuzi zaidi ya 150,000. Sivyo, kwani miamba ya chini, ingawa ni migumu, husogea polepole mno kwa muda wa mamilioni ya miaka, na mwendo huo hulisambaza joto. Halijoto ya kitovu inakadiriwa kuwa zaidi ya nyuzi 5,000, karibu na ile ya uso wa jua.

Hapa ndipo joto na kanieneo hushindana. Joto hutaka kuyeyusha, kanieneo huzuia. Katika kiini cha nje joto limeshinda, na chuma ni kimiminiko. Ndani zaidi kanieneo imeshinda, na chuma kimeganda ingawa kina joto zaidi. Kiini hicho cha ndani kiligunduliwa mwaka 1936 na Inge Lehmann wa Denmark, aliyechunguza mawimbi ya matetemeko ya ardhi.

Kwa nini tujali?

Mwendo wa chuma kilichoyeyuka ndio unaozalisha usumaku wa dunia, ambao huongoza dira na kutukinga na chembe nyingi zitokazo kwenye jua. Joto la chini ndilo linalozalisha umeme huko Olkaria, Kenya, tangu mwaka 1981. Mwezi, ulio mdogo, umepoteza sehemu kubwa ya joto lake, kama vile uji wa kikombe unavyopoa upesi kuliko uji wa sufuria. Leo hauna usumaku kama wa dunia. Kwa upande mwingine, Mshtarii, yenye masi ya mara 318 ya dunia, ingali inatoa joto zaidi ya lile inalopokea kutoka kwa jua, na ndani yake haidrojeni imebanwa hata ikapitisha umeme kama metali.

Zoezi kwa wanafunzi: densiti ya Mwezi ni kilogramu 3,340 kwa mita ya ujazo, mvutano usoni mwake ni 1.62, na nusu kipenyo chake ni kilomita 1,737. Kadirieni kanieneo ya kitovuni kwa njia tuliyoitumia hapo juu. Mtapata mara 46,000 hivi ya ile ya hewa yetu, na jibu hilo halipo mbali na ukweli. Jadilianeni na mwalimu wenu: kwa nini njia ile ile inafaa zaidi kwa Mwezi kuliko kwa dunia?