Madoa ya zambarau: ni dawa au ni ugonjwa?

Nilisoma ukimbizini, katika kambi ya Mtabila mkoani Kigoma. Asubuhi moja mwenzangu wa dawati alilalamika homa na kichwa. Jioni miguu yake ilikuwa na madoa ya zambarau. Wakubwa wakasema ni vidonge alivyomeza vimemkataa, tusubiri kuche. Kesho yake tulimzika. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimerejea Burundi na kushika chaki, dada yangu anayefanya biashara mpakani Kobero aliniita. Miguu ilijaa madoa kama yale, fizi zinatoka damu. Nilitetemeka. Lakini homa hakuwa nayo. Daktari alimwuliza: "Wiki hizi mbili umemeza dawa gani?" Dada akatoa pakiti ya kwinini aliyonunua sokoni. Damu ikapimwa, dawa ikasimamishwa, na baada ya siku kadhaa madoa yakafifia.

Ndugu msomaji, madoa hayo ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Ukiyakandamiza kwa glasi hayapotei. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazama pia viganja, nyayo na ndani ya mdomo.

Glasi haikuambii chanzo. Kwinini, au Septrin, inaweza kuufanya mwili ushambulie chembe zinazogandisha damu. Kwa anayeanza dawa, madoa hutokea aghalabu baada ya wiki moja hivi. Aliyewahi kuitumia, hata baada ya saa chache. Maambukizi ya uti wa mgongo huja na homa kali, kutapika, shingo kukakamaa, na madoa huenea saa kwa saa. Malaria nayo hupunguza chembe hizo, hivyo mgonjwa wa malaria aliyemeza kwinini huwatatiza hata wataalamu. Kipimo cha damu ndicho husaidia kuamua.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, tunzeni pakiti ya kila dawa mnayonunua na mwandike tarehe mliyoanza kuimeza. Mkiona madoa, msimeze kidonge kingine kabla ya kuonana na daktari siku hiyohiyo. Kukiwa na homa, nendeni usiku huohuo.

Mwenzangu wa dawati aliambiwa asubiri kuche.