Je, Wajua? Msitu Uliomo Ndani ya Gunia la Makaa

Je, wajua ya kuwa katika tanuri la kufukiwa udongo, ambalo ndilo walitumialo wachomaji wengi wa milima ya Fizi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, huteketezwa kilo 5 hadi 10 za kuni ili ipatikane kilo 1 tu ya makaa, hata mama wa mji wa Baraka atiapo makaa katika mbabula yake (jiko la makaa) alfajiri huwa, pasipo kudhamiria, ameugusa msitu ulio mbali na kizingiti chake? Na msitu ukiisha kukatwa, mvua huuteremsha udongo wa mlimani hadi Ziwa Tanganyika, lenye kina kifikacho mita 1,470, ukayafunika mawe ya pwani ambamo samaki wengi hutaga na kulea wana wao.

Walakini dawa yake si ghali: mbabula iliyokandikwa udongo wa mfinyanzi kwa ndani huhifadhi hari, maharage yaliyorowekwa usiku kucha huiva upesi, na sufuria iliyofunikwa haipotezi mvuke mwingi. Nyumba iyadumishayo mambo hayo, ingawa ni madogo machoni, hupunguza gharama zake na kuitunza amana tuliyokabidhiwa na Mola kwa ajili ya vizazi vijavyo.