MAJIVU YA TAKA NA UJENZI WA BARABARA



Tarehe 11 Machi, 2017, mlima wa taka wa Koshe, jijini Addis Ababa, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Mwezi Agosti, 2018, Serikali ya Ethiopia ilifungua kando ya jalala hilo kiwanda cha Reppie, kilichobuniwa kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku na kuzalisha umeme. Lakini moto haumalizi taka. Taka za mijini zikichomwa, kwa kawaida hubakiza majivu yasiyopungua moja ya tano ya uzito wake. Kwa tanuri la ukubwa huo, hizo ni tani 280 kila siku. Yapelekwe wapi?

Uholanzi na Denmark zimeyatumia kwa miaka mingi katika tabaka la msingi chini ya lami. Wahandisi wa jeshi walio miongoni mwenu watafahamu sababu: yanayobaki chini ya tanuri si unga, bali ni mfano wa changarawe, yaani vigae, vioo na mawe yaliyoungua, nayo hushindiliwa vizuri. Chuma huondolewa kwa sumaku. Aluminiamu nayo sharti iondolewe, kwani ikikutana na maji ndani ya majivu hayo hutoa gesi, na barabara huvimba na kupasuka. Kisha majivu hulazwa nje kwa wiki kadhaa ili hewa na mvua ziyatulize.

Vumbi linalonaswa katika dohani ni jambo jingine kabisa. Limejaa kadimiamu, daioksini na risasi (madini yale yale mnayoyafahamu kwa kazi nyingine). Hilo halina kazi barabarani. Huzikwa mahali palipozibwa lisifikiwe na maji.

Mjini Newcastle, Uingereza, kati ya mwaka 1994 na 1999, aina hizo mbili zilichanganywa, zikamwagwa kwenye njia za bustani za wananchi, bila lami juu yake. Kuku walidonoa humo. Mwaka 2000 wenye bustani wakaambiwa wasile mayai wala nyama ya kuku hao, na majivu yakachimbuliwa upya.

Kwa hiyo askari anayesimamia ujenzi, akiletewa lori la majivu, aulize kwanza yametoka sehemu gani ya tanuri. Akijibiwa kwamba yamechanganyika, lori lirudi lilikotoka.