Mtutu Mpya kwa Bunduki ya Zamani: Ukubwa Upi Uchaguliwe?

Mpunga unapokomaa katika bonde la Kyela, viboko hutoka usiku katika midomo ya mito iingiayo Ziwa Nyasa na kupanda mashambani. Dume la kiboko huweza kuwa na uzito wa kilo 1,500 au zaidi. Mkulima mwenye debe na mwenge hamudu kumzuia. Anayeitwa ni askari wa wanyamapori. Iwapo bunduki ya askari huyo haina nguvu ya kutosha, mnyama hujeruhiwa tu, hujificha matetini, na alfajiri wachota maji ndio wanaokutana naye.

Bunduki nayo huzeeka. Mvua ya Kyela hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo ni adui mkubwa wa chuma. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi inayofyonza maji hewani. Mtutu usioosheshwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta huanza kuliwa na kutu baada ya muda mfupi. Mikato ya mzunguko iliyomo ndani yake ikilika, risasi haizungushwi sawasawa na hupotea shabaha. Hata hivyo, sehemu nyingine za bunduki huweza kuwa nzima. Mtutu hushikwa kwa hesi katika kiunzi, yaani kipande cha chuma kinachobeba komeo. Kwa hiyo fundi huweza kuufungua na kufunga mwingine. Hapo ndipo swali la ukubwa linapozuka.

Wengi hudhani kwamba jambo la kuchagua ni upana wa tundu tu. Kumbe kiunzi na komeo huwa vimekwisha kuamua mengi. Chukua mfano wa Mauser ya mwaka 1898, iliyoingia katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao kituo chao cha Langenburg kilikuwa pwani ya Ziwa Nyasa kabla ya kuhamishiwa Tukuyu. Bunduki hiyo iliundwa kwa risasi ya 8x57. Tarakimu ya kwanza huonyesha kipenyo cha risasi, na ya pili urefu wa ganda, zote kwa milimita. Kitako cha ganda hilo kina upana wa karibu 12 mm, na risasi nzima ina urefu wa karibu 82 mm. Vipimo hivyo viwili ndivyo mipaka ya fundi.

Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, alitoa risasi ya 9.3x62, iliyopendwa sana na walowezi na wawindaji katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Werevu wake ulikuwa katika kuiheshimu mipaka hiyo: kitako ni kilekile cha 12 mm, na urefu wote hauzidi 84 mm. Komeo halihitaji kuguswa. Risasi yake ya gramu 18.5 hutoka kwa kasi ya karibu mita 720 kwa sekunde. Kwa kanuni ya nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, nishati mwendo yake ni kama jouli 4,800, ilhali ile ya 8x57, yenye gramu 12.7 na kasi ya mita 730, ni kama jouli 3,400.

Lakini kanuni za uwindaji za Tanzania hutaka ukubwa usiopungua .375 ya inchi kwa wanyama wakubwa wa hatari, yaani 9.53 mm. Pengo ni chini ya robo ya milimita. Kiboko asingeweza kulitambua, sheria hulitambua.

Basi, je, mtutu wa .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa London mwaka 1912, ufungwe katika kiunzi hichohicho? Risasi hiyo ina urefu wa zaidi ya 91 mm, na kitako chake ni 13.5 mm. Fundi atalazimika kuchonga uso wa komeo, kurefusha magazini na kukata chuma karibu na mahali ambapo jino la chini la komeo huegemea. Tena, kwa kanieneo ileile, kani inayolisukuma komeo nyuma hukua pamoja na eneo la kitako, na eneo hilo limeongezeka kwa karibu robo. Chuma kimepunguzwa na mzigo umeongezwa! Mafundi hodari wamewahi kuifanya kazi hii vizuri, lakini si kazi ya kujaribia katika bunduki ya zaidi ya miaka mia moja.

Ipo pia .458 ya Winchester, iliyotolewa Marekani mwaka 1956. Urefu wake, karibu 85 mm, unakaribia kuenea katika magazini ya Mauser, ingawa uso wa komeo lazima upanuliwe. Risasi ya gramu 32.4 kwa mita 640 kwa sekunde hubeba jouli 6,600. Hapa mwanafunzi akumbuke hifadhi ya momenta. Bila kuhesabu gesi ya baruti, bunduki ya kilo 4 hurudi nyuma kwa mita 5.2 kwa sekunde, badala ya 2.3 ya mtutu wa zamani. Nishati inayopiga bega huwa karibu mara tano, na mpigaji anayefumba macho kwa kuogopa teke hakosi kukosa. Risasi za awali za aina hii zilikuwa na ila nyingine: baruti yake ilishindiliwa mno, na baada ya kuhifadhiwa muda mrefu iliweza kugandamana na kuungua vibaya.

Kwa kiunzi cha namna hii, 9.3x62 ndiyo inayofaa zaidi, mradi kazi iwe ni nguruwe mwitu na paa. Kwa kiboko ni afadhali itafutwe bunduki iliyoundwa tangu mwanzo kwa .375.

Ukubwa wowote utakaochaguliwa, risasi zake ziwe zinapatikana nchini, na leseni ya bunduki ilingane na mtutu mpya. Ukubwa huo hupigwa muhuri juu ya chuma cha mtutu. Muhuri huo si pambo: hata jina la 8x57 lina risasi za vipenyo viwili, 8.09 mm na 8.22 mm, na ile nene ikifyatuliwa katika mtutu wa ile nyembamba, kanieneo huweza kupanda hadi bunduki ikapasuka usoni mwa mpigaji.