Jicho Likitoka Mahali Pake

Mwezi huu tuzungumzie jambo linaloogopesha hata kulitazama, yaani jicho lililotoka nje ya tundu lake. Halitokei mara nyingi. Lakini likitokea, anayekuwa karibu si daktari bali ni baba, mama au jirani.

Mtu akianguka na pikipiki, au akipigwa pembe na ng'ombe usoni, jicho laweza kusukumwa mbele hadi likapita kope. Hapo kope hujifunga nyuma yake na kulibana, kama kifungo kilichokwisha kupita tundu la shati. Ndiyo sababu halirudi lenyewe. Mshipa wa fahamu unaolishikiza kwenye ubongo unavutwa, damu haipiti vizuri, na jicho linakauka kwa sababu kope haziwezi kulifunika.

Wengi hukimbilia kulirudisha kwa kidole. Msifanye hivyo! Huenda limepasuka kwa nyuma msikoona, na mkilibonyeza, vilivyomo vitatoka. Msilivute, msikate chochote kinachoning'inia, wala msibandue damu iliyoganda. Na maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani si dawa ya jicho hili. Sisi wauguzi huyakuta sana machoni mwa wagonjwa, na huleta vidonda na usaha.

Mlazeni chali. Kama ameanguka vibaya, shingo yake isigeuzwe. Naweni mikono, kisha chukueni shashi au kitambaa safi cha pamba, mkiloweshe kwa maji ya chumvi ya dripu kama yapo, au maji yaliyochemshwa yakapoa, na mkilaze juu ya jicho bila kukandamiza. Juu yake funikeni kikombe safi cha plastiki, ukingo wake ukae kwenye mifupa ya paji na shavu, usiguse jicho. Fungeni kwa bandeji. Jicho zima likitazama huku na huku, na lile lililoumia hujongea, kwa hiyo mwambieni atulie. Akikubali, yafunikeni yote mawili. Mtoto anayeogopa giza msimlazimishe.

Njiani kitambaa kiongezewe maji kisikauke. Asile wala asinywe, maana huenda akahitaji kulazwa usingizi. Asipewe aspirini, inazidisha kutoka damu. Akitapika au akipoteza fahamu, mlazeni kwa ubavu, kichwa na shingo vikienda pamoja na mwili, na mjue kwamba kichwa kimeumia. Hilo ni la haraka kuliko jicho.

Hospitalini hutiwa dawa ya ganzi, kope zikainuliwa, na jicho likarudishwa taratibu. Pengine kope hushonwa kwa siku kadhaa zilikinge. Hupewa pia sindano ya pepopunda. Wengine huona tena, wengine hawaoni kwa kuwa mshipa ulikatika. Zahanati isichelewe kumpeleka penye daktari wa macho, kama Bugando, KCMC au Muhimbili.

Wako pia wanaoletwa na jicho lililotokeza polepole, bila ajali yoyote. Hilo ni jambo jingine. Kwa mtu mzima mara nyingi ni ugonjwa wa tezi ya shingo. Kwa mtoto yaweza kuwa uvimbe ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Hukua upesi sana, lakini huitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Mtoto huyo, na yule ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, apelekwe wiki hiyo hiyo, asingojeshwe hadi mavuno yauzwe.